Bunduki ya misumari ya upepo: chagua kifyatuo kabla ya namba

Ukipita Keko, mtaa wa maseremala Dar es Salaam, asubuhi, kabla mashine za kuranda hazijaanza kunguruma, simama kidogo usikilize. Karakana moja inatoa tak. Kimya. Tak. Jirani yake anatoa tak-tak-tak-tak kama mvua ya mawe juu ya bati. Wote wawili wana kompresa za aina moja, na pengine bunduki zao za misumari zimeshuka kwenye kontena moja. Kinachowatofautisha ni kile kipande kilicho chini ya kidole cha shahada, yaani kifyatuo, na jinsi kilivyoungwa na mdomo wa mashine.

Mpwa wangu anaanza karakana yake mwaka huu. Juzi kanipigia: "Shikamoo mjomba. Nimekusanya hela ya bunduki ya upepo. Nichukue F30 au F50?" Nikamwambia marahaba, swali lako zuri ila umelishika mkiani. Namba ile inakuambia msumari utakuwa na urefu gani. Haikuambii mashine itautoa wakati gani, na hilo ndilo litakaloamua kama mkono wako wa kushoto utazeeka na vidole vyote. Tukaongea mpaka salio likaisha. Yaliyobaki nayaweka hapa, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Nyundo, upepo au betri

Nyundo isidharauliwe. Kwa fundi anayepaua nyumba mbili tatu kwa mwaka, misumari ya inchi nne inauzwa kwa kilo kila duka la vifaa vya ujenzi, na nyundo haiulizi kama umeme upo. Bunduki kubwa za kupigia kenchi za paa zinataka misumari iliyopangwa kwenye ukanda wa karatasi au plastiki, na ukanda ukikuishia uko juu ya paa Kibaha, duka la jirani halina. Nyundo inaponda kidole gumba, kweli. Lakini unaiona inaponyanyuka na unajua itashukia wapi, na mtu aliye upande wa pili wa ubao yuko salama.

Upepo unashinda pale kazi inapokaa sehemu moja. Mota imebaki kwenye kompresa, kwa hiyo bunduki yenyewe ni nyepesi na bei yake inavumilika. Kompresa hiyohiyo inapiga vanishi, inapuliza vumbi, inajaza matairi ya mkokoteni wa kubebea mbao. Ubaya wake ni mpira wa upepo unaotambaa sakafuni na kukwaza watu, kelele, na utegemezi wa umeme. Hapo kuna mtego ambao wengi hawauoni: umeme ukikatika, tangi bado lina upepo. Mashine imenyamaza lakini haijafa. Misumari kadhaa bado inasubiri ndani.

Betri inamfaa anayehamahama, hasa wa dari za nyumba za watu, kwa sababu juu ya ngazi hakuna mpira wa kumvuta mguu. Ni nzito zaidi, bei yake ni mara kadhaa ya ile ya upepo, na betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Wapo wanaodhani ya betri ni laini. Msumari ni uleule na mfupa ni uleule, na vifyatuo vyake vimegawanyika vilevile kama nitakavyoeleza. Inachozidi nacho kwa usalama ni kimoja: ukichomoa betri, mambo mengi yamekwisha. Zipo pia za kopo la gesi, ambazo Paslode wa Marekani waliziingiza sokoni miaka ya 1980. Huku kwetu shida ni kupata kopo la pili likiisha la kwanza, kwa hiyo sina la kuongeza.

Wala usichanganye hizi na bunduki za baruti, kama zile za Hilti, zinazopigilia chuma kwenye zege kwa risasi ndogo. Hizo ni kitu kingine kabisa na zinahitaji mtu aliyefundishwa kwa ajili yake.

Mimi nikiulizwa nisizunguke: karakana ya kudumu, upepo. Fundi wa kutembea mwenye mtaji, betri. Fundi wa kutembea asiye na mtaji, nyundo na drili ya skrubu, na asione haya.

Namba iliyo kwenye boksi

Bunduki nyingi zinazofika Kariakoo zina namba za mtindo wa Kichina, na ukijua kuzisoma huhitaji kumwuliza muuzaji. Tarakimu za mwisho ni urefu wa juu kabisa wa msumari au pini, kwa milimita. F30 inachukua misumari myembamba hadi milimita 30, F50 hadi 50. 1013J ya kushonea sofa inachukua pini za hadi 13. 422J, pini nyembamba za hadi 22. ST64 ni ya misumari ya zege, hadi 64. CN55 na CN70 ni zile zenye ngoma ya duara inayobeba roli la misumari, za watu wa paleti na makreti.

Sasa hatari zake hazifanani, na wala hazipandi sambamba na ukubwa.

Ile ya sofa inaonekana kama mchezo wa kuigiza, lakini nyingi hazina kinga yoyote mdomoni. Ukivuta kidole, pini imetoka, iwe imegusa kitambaa au imeelekea jicho la mwenzako anayevuta sponji upande wa pili. Kwa hiyo kwa washonaji wa sofa mjadala wa kifyatuo huwa mfupi: hakuna cha kuchagua, kilichobaki ni miwani na nidhamu ya kidole.

F30 na F50 zina ugonjwa wa wembamba. Msumari wake ni sawa na waya, na waya hufuata njia rahisi. Kwenye paini au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) utaenda moja kwa moja. Kwenye mninga au mkongo, ukikutana na jicho la mbao, unajikunja. Alama iliyo kwenye kidole changu cha kati ilitoka hapo. Nilikuwa napigia mgongo wa kabati, mkono wa kushoto umeshika fremu karibu mno, msumari wa milimita 30 ukagonga jicho, ukapinda kama ndoana na kutokea ubavuni. Bunduki haikuwa na kosa. Kifyatuo hakikuwa na kosa. Mkono ndio uliokuwa mahali pabaya, na hakuna kifyatuo duniani ambacho kingenisaidia. Tangu siku hiyo mkono wangu unakaa mbali na mdomo kwa sentimita 30, karibu futi moja, na kipande kikiwa kifupi kuliko hapo nakibana kwa klempu. Klempu ikitobolewa hailii.

Bunduki kubwa za kenchi, zenye misumari ya milimita 50 hadi 90, hazipindi kirahisi. Hizo zinapita. Msumari unatoka upande wa pili wa ubao na kumkuta aliyeushikilia. Na ndiko kifyatuo kinakotenganisha fundi na hospitali.

Kifyatuo cha zamu na kifyatuo cha kugonga

Angalia mdomo wa bunduki ya misumari. Kuna kipande cha chuma chenye springi kinachochomoza mbele, ukikikandamiza kwenye mbao kinarudi ndani. Nitakiita ulimi. Kazi yake ni kuiambia mashine kwamba kuna kitu mbele. Bila ulimi kurudi, vali haifunguki hata uvute kidole mpaka kichoke. Pistoni inakaa juu, kisu cha kusukuma msumari kinakaa juu, upepo unasubiri.

Mashine zote zenye ulimi zinataka vitu viwili: ulimi na kidole. Tofauti iko kwenye mpangilio.

Kifyatuo cha zamu kinataka ulimi kwanza, kidole baadaye. Ukigeuza, ukavuta kidole kwanza kisha ukakandamiza ulimi, hakuna kitu. Ukishapiga msumari mmoja ni lazima uachie ndipo upige mwingine. Kila kimoja kina zamu yake, na ndiyo maana nimekiita hivyo.

Kifyatuo cha kugonga hakijali mpangilio. Unashikilia kidole muda wote, unagongagonga mdomo kwenye mbao, na kila ukigonga msumari mmoja. Ndiyo ile mvua ya mawe ya jirani.

| | Cha zamu | Cha kugonga |
|---|---|---|
| Msumari hutoka lini | Ulimi umekandamizwa, kisha kidole kimevuta | Wakati wowote viwili vikikutana, kwa mpangilio wowote |
| Ukipita kwa mtu kidole kikiwa kimevuta | Mdomo ukimgusa, msumari hautoki | Mdomo ukimgusa, msumari unatoka |
| Mashine ikiruka baada ya kupiga | Msumari mmoja tu | Ikirudi chini inaweza kupiga wa pili |
| Juu ya ngazi, kwenye kona, mshazari | Inafaa | Usijaribu |
| Kazi ndefu iliyo bapa, mikono yote mbali | Polepole kidogo | Haraka |

Mstari wa tatu unahitaji maelezo, maana wengi hawauamini mpaka uwakute. Msumari ukitoka, mashine nzima inarushwa nyuma. Mkono wako, kwa kuwa ulikuwa unasukuma mbele, unairudisha chini kabla hujafikiri. Kidole bado kimevuta. Ulimi unagusa tena, na msumari wa pili unatoka mahali ambapo hukupachagua: juu ya kichwa cha wa kwanza, pembeni ya ubao, au kwenye mkono. Kadiri unavyosukuma kwa nguvu ndivyo unavyoongeza uwezekano huo. Anayeanza husukuma kwa nguvu. Kwa hiyo mashine inayomwadhibu anayesukuma tunampa nani? Kijana mgeni, siku ya kwanza, kwa sababu "ya haraka ndiyo atamaliza mapema".

Karakana niliyofanyia kazi zamani, saidia fundi wetu alikuwa anashuka kwenye kigoda, bunduki mkononi, kidole kimesahauliwa kwenye kifyatuo. Mdomo ukagusa paja. Ilikuwa ya kugonga. Hakulia, alitazama tu suruali yake kama mtu aliyedondoshewa chai. Msumari wote ulikuwa ndani, kichwa chake kimeshikilia kitambaa. Angekuwa na cha zamu, mdomo ungegusa paja na asingejua hata kama ameponea chupuchupu.

Marekani, ambako nyumba nyingi zinajengwa kwa mbao na bunduki hizi ziko kila mahali, wamehesabu. Kati ya mwaka 2001 na 2005, wastani wa watu 37,000 kwa mwaka walifikishwa vyumba vya dharura kwa majeraha ya bunduki za misumari. Karibu 6 kati ya kila 10 walikuwa kazini. Waliobaki ni watu wa kawaida wanaojitengenezea vitu nyumbani. Hester Lipscomb wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walifuatilia wanagenzi wa useremala eneo la St. Louis, na wakaona hatari ya kuumia kwa kifyatuo cha kugonga ni takriban mara mbili ya kile cha zamu. Mwongozo wa mwaka 2011 uliotolewa na OSHA, wakala wa usalama kazini wa kule (si OSHA yetu ya hapa, jina tu limefanana) pamoja na taasisi ya utafiti ya NIOSH unasema wanagenzi 2 kati ya 5 waliumizwa na bunduki ya misumari ndani ya miaka 4 ya mafunzo. Zaidi ya nusu ya majeraha ni ya mikono na vidole.

Mwenye karakana atasema: sawa, lakini mimi nauza makabati, muda ni hela. Hilo nalo limepimwa. Mafundi 10 wazoefu walipewa wajenge vibanda viwili vya mbao vinavyofanana, kimoja kwa kila kifyatuo. Cha kugonga kiliokoa asilimia 10 ya muda wa kupigilia. Ukiweka na muda wa kupima, kukata na kupanga, akiba hiyo ikawa chini ya asilimia 1 ya kazi yote. Na tofauti kati ya fundi na fundi ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya kifyatuo na kifyatuo.

Fikiria kazi yako mwenyewe. Kabati la milango mitatu: muda unaliwa na msumeno, randa, gundi, msasa, vanishi na kumsubiri mteja alete hela ya bawaba. Misumari ni dakika. Unachookoa kwa kugonga ni muda wa kunywa kahawa kikombe kimoja kwa siku.

Basi cha kugonga kina nafasi gani? Ipo, ila ni nyembamba. Mtu wa paleti mwenye roli la CN55 anayepigilia mbao zilezile siku nzima mezani, vipande vimebanwa, hakuna msaidizi anayeshika chochote mbele yake, ana hoja. Anayepigia sakafu ya mbao kwenye uwanja mpana ana hoja pia. Fundi wa samani hana. Wa dari hana kabisa.

Kuna aina ya tatu ya kuchanganya watu. Inapiga msumari mmoja kila ukivuta kidole, kwa hiyo kwenye mbao inafanana kabisa na ya zamu. Lakini ule msumari wa kwanza haujali mpangilio: ukitembea kidole kimevuta na mdomo ukagusa kitu, unatoka. Boksi litaandika "msumari mmoja" na halitasema uongo. Ndiyo maana nasisitiza kujaribu kwa mkono kuliko kusoma karatasi.

Nyingine zina swichi ya kubadilisha, mara nyingi yenye alama ya msumari mmoja upande huu na misumari mitatu upande ule. Mimi sizipendi kwenye karakana yenye watu wengi. Asubuhi unaiweka kwenye msumari mmoja, saa nne mtu kaigeuza, saa tano mwingine anaichukua akijua iko ulivyoiacha. Kama ni yako peke yako, sawa.

Upepo wenyewe

Watu wanalinganisha bunduki na kusahau kinachoisukuma.

Kompresa nyingi za karakana zina tangi la lita 24 au 50 na zinafika bar 8 (bar ni kipimo cha msukumo wa upepo). Bunduki ndogo zinafanya kazi kati ya bar 4 na 7. Kubwa kati ya 5 na 8. (Geji ikiwa ya psi, 100 ni karibu na bar 7.) Anza chini, piga kwenye kipande cha mbao ileile utakayotumia, ongeza kidogokidogo kwenye regyuleta, ile ya kupunguza na kuongeza msukumo, mpaka kichwa cha msumari kilale sawasawa na ubao. Hapo simama. Kuzidisha hakukupi msumari unaoshika zaidi. Kunakupa msumari unaotokeza upande wa pili, mrusho mkubwa zaidi wa mashine, na mipira ya ndani kuchakaa mapema.

Jambo la pili ni dogo kwa macho na kubwa kwa madhara: fitingi za kuungia mpira, dume na jike. Kwenye bunduki lazima iwe dume, lile lililo wazi tundu lote. Kapla jike yenye vali ikae mwishoni mwa mpira. Ukichomoa, upepo wa ndani ya bunduki unatoka pssh na mashine inabaki tupu. Nimekuta mafundi wamefunga kinyume, jike kwenye bunduki, kwa sababu ndiyo fitingi iliyokuwepo dukani. Hapo ukichomoa mpira, vali inajifunga na kuuzuia upepo ndani. Bunduki inaning'inia ukutani bila mpira wala kompresa, mtoto anaichukua kuchezea, na bado ina msumari mmoja wa kutoa. Ukikuta ya kwako iko hivyo, igeuze leo.

Msumari ukikwama, chomoa mpira kwanza. Kila mara. Si kuachia kidole, si kuzima kompresa, ni kuchomoa mpira mpaka usikie ile pssh. Vivyo hivyo ukijaza misumari, ukimpa mwenzako, ukienda kula. Na usimpe mtu bunduki mkononi mwake; iweke mezani aichukue mwenyewe.

Sasa oksijeni. Hapa Keko wachomeleaji wako hatua kumi, na mtungi wao una msukumo kuliko kompresa yako yote. Umeme umekatika, mteja yuko mlangoni, mtu anapata wazo. Usithubutu. Mtungi uliojaa una zaidi ya bar 100, na oksijeni ikikutana na mafuta yaliyomo ndani ya bunduki inalipuka mkononi. Hapa hakuna cha kupunguza wala kuangalia geji. Mitungi ya gesi nyingine nayo hivyohivyo.

Tangi la kompresa linataka kuondolewa maji jioni, kwa ile skrubu ya chini. Kwa joto na unyevu wa Pwani, Tanga mpaka Mtwara, utashangaa maji yanayotoka. Yakibaki yanakula chuma kwa ndani, mahali usipoona, na tangi lililoliwa linaweza kupasuka ghafla badala ya kuvuja taratibu. Vali ya usalama, yenye kile kipete cha kuvuta, ivute mara kwa mara usikie inapumua. Anayeiziba kwa sababu "inapoteza upepo" anakaa na bomu.

Kati ya mwenye karakana na kijana wake

Kama unafanya kazi peke yako, chagua utakavyo, mwili ni wako. Kama una vijana, hesabu ni nyingine. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri vifaa vya kinga, si mfanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unadai umsajili. Kenya wana sheria zao mbili za mwaka 2007, ya usalama kazini na ya fidia ya majeraha, na mwelekeo ni uleule. Karakana nyingi zinajifanya hazijasikia. Siku kidole kinapokatika kila mtu anasikia.

Miwani ya usalama ni ya lazima kwa anayepiga na kwa aliye karibu, maana vipande vya waya na gundi ya ukanda huruka pembeni. Vizibo vya masikio pia. Mlio mmoja wa bunduki hauumi, lakini mia sita kwa siku kwa miaka kumi unakuachia kengele isiyozimika. Glavu nzito sizipendekezi kwenye mkono unaovuta kifyatuo, zinaondoa hisia ya kidole. Huo ni mtazamo wangu na nimebishana nao na wengi.

Na msumari ukiingia mwilini, usiung'oe. Najua mkono unakwenda wenyewe. Misumari ya ukanda huingia na vipande vya waya, karatasi au plastiki vinavyoshika kama vishikio vya ndoana, na ukivuta unachana mishipa zaidi. Uzuie usitikisike, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali upigwe picha, na useme mara ya mwisho ulichanjwa lini pepopunda. Tundu huonekana dogo sana nje. Karibu na kiungo cha kidole, tundu dogo linaweza kuwa limeingiza uchafu mahali ambapo wiki mbili baadaye kidole hakikunjiki.

Dukani

Mpwa wangu nilimwambia achukue F50 ya zamu, yenye ulimi, kwa sababu F50 inapiga na ya milimita 25 ila F30 haiwezi kupiga ya 40. Za sofa atanunua akianza kushona sofa.

Kabla hajalipa, nikamwambia aombe kompresa ya dukani, bar 4, na kipande cha mbao. Bunduki isiwe na msumari hata mmoja. Kandamiza ulimi kwenye mbao bila kugusa kifyatuo: isilie. Inyanyue, mdomo uelekee kwenye mbao bila kuigusa, vuta kidole: isilie. Shikilia kidole hivyohivyo ukandamize ulimi. Ikilia, si ya zamu, hata boksi liandike nini. Isipolia, achia vyote, kandamiza ulimi, kisha vuta kidole: hapo ndipo ilie. Endelea kushikilia kidole, inyanyue, gonga tena mbao: inyamaze.

Muuzaji wa kwanza alimwambia, "Fundi, zote sawa tu hizo," na hakuwa na kipande cha mbao. Wa pili alikuwa nacho chini ya kaunta, kimejaa alama za ulimi.